Jibu kwa Kaka Aliyeko Magomeni

Kaka Mwinyihija,
ulinipigia Jumapili, umeshiba,
feni naisikia ikizunguka nyuma yako,
ukasema: Huko Mvuti mnafaidi. Hewa safi. Vitu vya shambani.
Sikukujibu. Salio lilikuwa lako lakini chaji yangu,
na chaji hapa ni mia tano, kwa Pazi mwenye sola.

Sasa nakujibu.

Hewa ni safi, ndiyo.
Mikorosho ikichanua, alfajiri inaingia
utadhani mtu kafungua kopo la asali akalisahau.
Nakaa kizingitini, uji haujaiva,
na hakuna anayenidai sauti yangu.
Hilo sikufichi. Hilo peke yake
limenifunga hapa miaka kumi na mitatu.

Lakini hewa haichoti maji.
Kisima kiko bondeni, ndoo mbili asubuhi, mbili jioni,
na kile kilima ulichokuwa ukikishuka kwa kuteleza juu ya kuti
mimi nakipanda na lita ishirini kichwani.
Kiangazi maji huja na rangi ya chai ya maziwa.
Tunayasubiri yatulie.
Nusu ya maisha ya hapa ni hiyo, kaka:
kusubiri maji yatulie.

Na hivyo vitu vya shambani?
Nguruwe pori walikuja saa tisa za usiku,
wakafukua matuta manne ya mihogo.
Hata kula hawakula, walionja tu,
kama wageni wa harusi waliotoka harusi nyingine.
Nilipiga debe hadi mkono ukafa ganzi.
Kulipokucha Mwajabu akaja na tenga la kisamvu,
akasema hili halina deni,
akakaa chini, akalia yeye badala yangu.
Huko kwenu mnalia kwa zamu?

Masika yaliyopita Sikudhani alipandisha homa.
Barabara ilikuwa uji. Chaurembo akawasha bodaboda,
tukamweka mtoto katikati,
na pale mtelemkoni tukashuka, tukaisukuma,
mtoto mgongoni, tochi mdomoni mwangu.
Chanika tulifika saa nane na nusu.
Dawa ilikuwepo. Ingeweza isiwepo.
Chaurembo alikataa hela:
Utanipa mabibo, msimu ukifika.
Tangu siku ile nauhesabu msimu
kama mwenye deni tamu.

Jana akaja dalali.
Wewe ndiye uliyemtuma, maana alilijua jina langu la utotoni.
Akakunjua futi kamba, akatafuta wa kumshikia ncha.
Nikaishika mimi.

Usishangae. Nilitaka kujua nilichonacho kinaishia wapi.
Mita sitini na nane hadi mkorosho uliopinda.
Hamsini na moja hadi kaburi la mama.
Kwenye daftari lake kaburi aliliandika "kizuizi".
Nikalisoma juu chini, nikanyamaza.

Kisha akataja bei.
Ni bei nzuri, kaka.
Inanunua bomba, inanunua feni kama hiyo yako,
inanunua usiku usio na nguruwe.
Sikulala. Niliipenda ile bei
kama mtu anavyompenda mume wa mtu.

Leo nimeamka, shingo inauma,
nikaenda kisimani kama kawaida,
na njiani sikuwaza mama, wala mikorosho, wala hewa.
Niliwaza tu kwamba njia hii naijua hata gizani,
na sijui kama kujua huko ni mali
au ni mazoea ya punda.

Basi wiki hii usinitumie dalali.
Nitumie buti za mpira, namba tano,
na betri za tochi, zile kubwa.
Upande wa Kisarawe kumeanza kunuka mvua
na mbegu nimeshailoweka.

Ukija mwenyewe, usihangaike na mikate.
Njoo na shingo.